Kinyozi Hajinyoi

Methali isemayo kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata, nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi wangu huieleza kwa namna moja. Husema kwamba hakuna mtu ajitoshaye, na kwamba hata fundi hodari humhitaji fundi mwenziwe. Huwapa alama zao kwa sababu jibu ni sahihi. Walakini mimi mwenyewe tangu utoto nilikuwa na shaka na methali hii, si kwa maana yake ya ndani bali kwa maneno yake ya nje. Nimelelewa katika nyumba ambayo mwenye nyumba alijinyoa kila alfajiri kwa mkono wake, mbele ya kipande cha kioo, wala hakujikata. Niliposikia wazee wakiitamka methali hiyo nilijisemea moyoni kwamba waliyeitunga hawakumjua baba yangu.

Nyumba yetu iko Msamala, katika mji wa Songea. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa imani yake mwalimu mwenye ndevu za siku mbili hakuwa na tofauti na ubao usiofutwa. Msomaji asiyeujua mji wetu afahamu kwamba Songea imejengwa juu, zaidi ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kwamba katika miezi ya Juni na Julai ukungu hukaa juu ya milima ya Matogoro hata jua lipande. Katika baridi hiyo baba alitoka uani na birika la maji ya moto, akaketi juu ya kigoda, akafungua mkebe wake wa bati.

Ndani ya mkebe mlikuwa na mashine ya kunyolea ya chuma cheupe, yenye mpini mfupi uliochongwa mistari ili usiteleze mkononi, brashi, kikombe cha bati kilichokwanguka rangi, na kipande cha sabuni kilichogandamana na tako lake, pakiti ya nyembe zilizofungwa moja moja katika vikaratasi, na jiwe la shabu, jeupe kama barafu, la kuzuia damu na kukaza ngozi. Mashine na brashi alivinunua mwaka 1968 katika duka la Mhindi mjini, kwa mshahara wake wa tatu. Mshahara wa kwanza aliupeleka kwa babu, na wa pili aliulipia deni la baiskeli. Utaratibu huo wa mishahara mitatu alitusimulia mara nyingi, nasi tulijua kwamba anatueleza nini hutangulia nini katika maisha.

Neno mashine halina budi kuelezwa kidogo, maana kijana wa leo akilisikia hufikiri ile ya umeme ingurumayo saluni. Mashine ninayoitaja haina umeme wala haingurumi. Ina kichwa cha vipande viwili vya chuma, na kati yake hulazwa wembe mwembamba wenye makali pande mbili, unene wake kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimeta. Mpini ukikazwa, vipande hivyo huupinda wembe kidogo na kuyaacha makali yake yachungulie tu, kama mtu achunguliaye nje ya dirisha bila kutoa kichwa. Ncha zimefichwa, kilichobaki nje ni kiasi cha kukata unywele, si kiasi cha kufungua koo.

Baba alianza kwa maji. Alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akajifunika uso, akatulia hivyo kwa muda ambao sisi watoto tuliuona mrefu kupita kiasi. Nilipokuwa mkubwa nikasoma sababu yake: unywele mkavu ni mgumu, lakini kwa dakika mbili au tatu hunywa maji, ukavimba na kulainika, na nguvu itakiwayo kuukata hupungua sana. Hapo ndipo nilipoielewa upya methali nyingine ya kinyozi, ile ituambiayo kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi walimu huifanya onyo la msiba ujao, na ni kweli. Lakini kabla ya kuwa hekima ilikuwa kazi. Watu walikaa foleni mbele ya kinyozi mmoja na wembe mmoja, na aliyefuata alilowesha nywele zake mapema ili zamu yake imkute tayari. Anayesahau kulowesha hachelewi kunyolewa, huumia tu.

Baada ya maji ilikuja sabuni. Brashi ilizungushwa ndani ya kikombe hadi povu likawa zito, kisha ikazungushwa usoni kinyume cha uoto wa ndevu ili kuzisimamisha. Brashi ya baba ilikuwa ya manyoya ya nguruwe, jambo ambalo jirani yetu mmoja Mwislamu, rafiki yake wa kucheza bao, aliligundua kwa mshtuko mkubwa, na tangu siku hiyo alipomsalimu baba asubuhi alimsalimu kwa mbali. Brashi zisifiwazo Ulaya hutengenezwa kwa manyoya ya mnyama wa huko aliye wa jamaa moja na nyegere wetu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manyoya hayo yalipoadimika, viwanda vilitumia manyoya ya farasi yasiyotiwa dawa ipasavyo, na watu wengi Uingereza na Marekani, askari kwa raia, wakapata kimeta usoni kwa sababu ya brashi za kunyolea. Siku hizi zipo za nyuzi za kiwandani, na yule jirani, kama angalikuwa hai, angaliweza kupeana mkono na baba bila wasiwasi.

Kisha wembe. Baba hakuukandamiza. Alisema kwamba uzito wa mashine watosha, kazi ya mkono ni kuiongoza. Aliilaza kwa mshazari, akaiteremsha shavuni kwa mikato mifupi, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu akwanguaye ukoko wa ubwabwa kwa taratibu sana. Mimi nilishika kioo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, nami niliililia ile nyingine. Wazee husema mtoto akililia wembe, mpe. Baba hakuwa mtu wa methali hiyo. Nilipofika miaka sita aliniruhusu kuzungusha brashi. Wembe niliungoja miaka kumi zaidi.

Aliyeuleta wembe wa namna hii duniani alikuwa mchuuzi wa vizibo vya chupa, Mmarekani King Camp Gillette, aliyezaliwa mwaka 1855. Inasimuliwa kwamba mwajiri wake alimshauri abuni kitu ambacho mtu akikitumia atakitupa na kurudi dukani kununua kingine. Mwaka 1895, akijinyoa, akaona wembe wake umekufa makali, na wazo likamjia. Mashine zenye kinga zilikuwako kabla yake. Ndugu wa ukoo wa Kampfe huko New York walikuwa na hati ya kubuni mashine yao tangu 1880. Lakini wembe wa mashine hizo ulikuwa mnene, wa kunolewa. Mafundi walimwambia Gillette kwamba bamba la chuma jembamba kama karatasi haliwezi kushika makali, mpaka mhandisi William Nickerson akalishinda tatizo hilo. Kampuni ikaundwa 1901. Mwaka 1903, wa kwanza wa biashara, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata ziliuzwa mashine zaidi ya 90,000. Marekani ilipoingia katika ile Vita Kuu, jeshi lake lilinunua mashine milioni 3.5 kwa askari wake, nao waliporudi makwao hawakurudi kwa kinyozi. Waturuki hata leo wembe wa namna hii huuita jilet, jina la mtu likiwa limegeuka jina la kitu.

Waingereza waliuita wembe wa salama. Katika kusoma kwangu nimeona kwamba salama hiyo ilikuwa ya jambo moja tu, nayo ni mtu asijikate. Mtu wa zamani aliyemwinulia kinyozi koo lake alikuwa amempa amana ambayo hakumpa hata mkewe. Pale alipoketi alikuwa mikononi mwa mwenziwe kabisa. Gillette aliuvunja uhusiano huo. Alimfanya kila mtu kinyozi wa nafsi yake. Mwalimu wa sarufi angesema kwamba watu walihama kutoka kunyoana na kunyolewa wakaingia katika kujinyoa, na silabi hiyo moja, -ji-, ina upweke ndani yake.

Lakini wembe wa kutupwa huwataka watu wenye duka lililojaa. Sisi hatukuwa hivyo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi yetu ilikwisha pumzi. Sabuni ilikuwa adimu. Mama alisimulia kwamba alifulia majani ya mpapai, na kwamba siku sabuni ilipofika duka la kaya foleni ilianza usiku. Baba hakuacha kunyoa. Wembe mmoja aliutumia wiki nyingi, na kila jioni aliunoa ndani ya bilauri: aliulaza ubavuni kwa ndani, akaushika kwa kidole, akausugua huku na huku mara ishirini kila upande. Jambo hili nimeliona kwa macho yangu, maana bilauri ile iliendelea kutumika hata baada ya bidhaa kurudi, na ndani yake ilikuwa na alama kama ukungu usiofutika. Gillette aliubuni wembe utupwe, na mtu wa Msamala akaunoa. Nadhani kwamba baba alipata fahari zaidi katika kuunoa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Babu alifariki mwaka 1993, kijijini kwetu, upande wa Peramiho. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Katika ukoo wetu ilikuwa desturi kwamba siku ya kuanua matanga wafiwa hunyolewa vichwa, na mnyoaji alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ndugu na mkono wake ulikuwa mwepesi. Hakutumia mashine. Alishika wembe mtupu kati ya vidole viwili, akawanyoa watu mmoja baada ya mwingine chini ya mwembe, akiufuta wembe kwa kitambaa kila amalizapo kichwa. Wembe huo huo, kichwa kwa kichwa: shangazi, wajomba, vijana, watoto. Sisi tuliofuata tulikuwa tumekwisha kujilowesha, kama methali iamurivyo.

Msomaji aukumbuke mwaka ule. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ilipofika 1986 hapakuwa na mkoa wa Tanzania Bara usio na mgonjwa. Shuleni kwa baba zilibandikwa karatasi zenye picha ya wembe na sindano. Alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba wembe hauazimwi. Basi zamu yetu ilipokaribia, baba alitoa mfukoni mwa koti pakiti mpya ya nyembe kumi, akaishika kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, nakuomba. Kila kichwa na wembe wake."

Baba mkubwa hakuipokea. Aliuinua ule wembe wake, akautazama kama mtu asomaye barua. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikunyoa hujaota hata masharubu. Leo damu ya ndugu zako imekuwa sumu?"

Hapana aliyejibu. Wazee walibaki kwake. Sisi watoto baba alituvuta kando akatunyoa mwenyewe, kila mmoja kwa wembe wake, na mkono wake, uliokuwa hautetemeki kamwe mbele ya kioo, ulitetemeka. Alinikata juu ya sikio. Kovu lake ninalo.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Baba alikuwa na haki; sina shaka hata chembe. Virusi vya UKIMWI havidumu sana nje ya mwili, na wembe si njia yake kuu, lakini kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 na zaidi, na mtu mwenye nacho aweza asijijue. Palipo na damu mbichi na wembe mmoja, yeyote aweza kumpa yeyote. Walakini haki nayo ina saa yake. Kilichosikika chini ya mwembe ule hakikuwa somo la afya. Kilichosikika ni kwamba mtoto aliyesoma amewaona ndugu zake wachafu, tena siku ya kuanua matanga ya baba yao. Laiti angalikwenda kwa kaka yake usiku wa kuamkia siku ile akamweleza wakiwa wawili. Labda alijaribu, sikuwahi kumwuliza. Tangu hapo baba mkubwa alikuja Msamala kwa harusi na kwa misiba tu, akakaa ugenini katika nyumba ya mdogo wake, na maneno yao yakawa ya salamu na hali ya mahindi.

Kuhusu upumbavu wangu mwenyewe nitasema kwa ufupi. Nilipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam niliiona mashine ya baba kuwa kitu cha makumbusho. Nilinunua mpini wa plastiki wenye nyembe tatu katika kichwa kimoja, na povu la kopo. Miezi miwili haikupita shingo yangu ikajaa vipele vyenye usaha. Daktari alinieleza kwamba ndevu zetu, kwa kuwa zimejipinda, zikikatwa chini ya usawa wa ngozi huota zikijirudia ndani kama ukucha mbaya, na kwamba nyembe nyingi zifuatanazo hufanya hasa kazi hiyo: wa kwanza huuvuta unywele, wa pili huukata kabla haujarudi shimoni mwake. Akaniamuru niache kunyoa mwezi mzima. Nilirudi Songea likizo na ndevu kama za nabii. Baba alinitazama, hakucheka, akanipa mkebe wake. "Wembe mmoja," akasema, "kwa kufuata uoto wake, bila pupa." Nikapona. Sijaiacha njia hiyo mpaka leo, na saa yangu ya kunyoa asubuhi ndiyo saa pekee ya siku ambayo simu hainipati.

Mwezi wa Aprili mwaka 2022 baba alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa, na maneno yakampotea, yakabaki matatu au manne ambayo hayakutosha kuomba maji. Nilipofika nyumbani mwezi wa Juni nilimkuta barazani amefunikwa blanketi, na kitu cha kwanza kilichonishtua hakikuwa mkono wake uliolala, bali ndevu. Sikuwahi kuziona. Zilikuwa nyeupe, zimesokotana, zimeingia hata pembe za mdomo, na uso uliokuwa nyuma yake sikuufahamu mara moja.

Mdogo wangu, akaaye naye, alinieleza kwa aibu. Alimleta kijana wa saluni na mashine ya umeme; baba aligeuza uso ukutani. Alimleta mwingine, ikawa vile vile. Kisha, asubuhi moja ya Mei, alisikia kishindo uani. Baba alikuwa amejikokota mpaka kwenye kigoda, ameufungua mkebe kwa meno, ameitia mashine katika mkono wa kushoto. Povu la kidevuni lilikuwa jekundu. Alikuwa amejikata mahali pawili kidevuni na mara moja chini ya taya, kwani hata wembe wa salama haumlindi mtu anyoaye kwa mkono usio wake. Tangu siku hiyo walikuwa wameuficha mkebe juu ya kabati.

Methali ikanijia, nami sikuitaka. Na akijinyoa hujikata.

Niliushusha mkebe. Baba alipouona alitoa mojawapo ya maneno yake manne, nalo lilikuwa "haya". Nikachemsha maji. Sikuwahi kumnyoa mtu mwingine maishani, na msomaji ambaye amezoea kujinyoa asidhani kwamba ni kazi ile ile. Ujinyoapo, ngozi na mkono huzungumza bila kukuuliza: mkono huijua ngozi inapouma kabla hujajua wewe. Unyoapo mwingine, mkono wako ni kipofu. Tena uso wa mtu anyoaye husaidia. Huvuta mdomo wa juu, huvimbisha shavu, huinua pua. Uso wa baba ulisaidia upande mmoja tu. Shavu la kushoto alilivimbisha mwenyewe kama alivyofanya miaka hamsini na zaidi. Shavu la kulia lilining'inia, ikanibidi nilikaze kwa kidole gumba. Kwanza nilipunguza ndevu kwa mkasi. Nikafunika kitambaa cha moto, nikangoja muda wote uliokuwa ukituchosha zamani. Brashi ile ya nguruwe ilikuwa imepukutika nusu, lakini povu lilipanda.

Wakati huo ndipo bodaboda ilisimama nje, akashuka baba mkubwa. Alikuwa na miaka themanini na miwili, amekuja kumwona mgonjwa. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia "Marahaba, mwanangu," akaketi kwenye benchi karibu na beseni. Alitazama. Hakusema neno lolote, wala mimi sikusema, kwa kuwa nilikuwa nimefika kooni.

Koo la mzee lina makunjo, na chini ya kila kunjo mna mshipa uchezao. Niliinua kidevu chake kwa vidole viwili. Baba akainua mkono wake wa kushoto, akanishika kifundo cha mkono. Hakunizuia. Alinishika tu, kwa kiasi cha pumzi mbili tatu, kisha akaachia, akafumba macho. Nikaiteremsha mashine.

Nilipomaliza nikamsafisha kwa maji baridi, nikampaka shabu, na uso wa mwalimu ukatokea, mwembamba kuliko nilivyouacha, umepinda, lakini ndio ule. Mdogo wangu akamletea kioo. Nikageuka kuikamua brashi, na hapo nikaona kwamba baba mkubwa amechovya mkono katika beseni na anaziloweka ndevu zake. Alifanya hivyo polepole, macho yake yakiwa kwa mdogo wake, si kwangu, maji yakimchuruzika hadi kwenye kola ya shati.

Nikaifungua mashine. Wembe niliomnyolea baba ulikuwa ungali mkali, na pakiti ilikuwa pale pale kwenye mkebe. Nakiri kwamba mkono wangu ulisimama. Niliyajua maneno ya 1993 yote, na niliogopa kufungua kikaratasi mbele ya mzee yule, na niliogopa vile vile kutokifungua mbele ya baba.

"Zimebaki ngapi humo?" baba mkubwa akauliza.

"Saba, baba."

"Basi fungua mmoja. Huo ni wa mwenyewe."

Baba akatoa sauti. Mimi husema kwamba alicheka. Mdogo wangu husema kwamba alikohoa. Na aliyekaa na mgonjwa wa kiharusi anajua kwamba si rahisi kupambanua. Nilifungua wembe mpya, nikamkalia baba mkubwa mbele, nikaanza na shavu la kulia.

Tangu nirudi chuoni kazi hiyo anaifanya mdogo wangu, Jumatano na Jumamosi. Jumamosi baba mkubwa huja kwa bodaboda mapema, ili maji yasipoe. Nimewanunulia brashi mpya, ya nyuzi za kiwandani. Baba aliinusa, akairudisha, wakaendelea na ile ya zamani. Nilipopiga simu juma lililopita malalamiko yalikuwa mawili: kwamba mdogo wangu hutia sabuni nyingi mno, na kwamba jiwe la shabu limekwisha. Nimeagiza jingine.